Mota Haikufa kwa Maji

Mvua ilianza saa nne usiku na haikukata mpaka alfajiri. Nilikuwa nyumbani Rusimbi kwa likizo fupi, pepa za semista ya kwanza zimeisha, mwili umechoka, kichwa bado kimejaa madesa. Asubuhi tukakuta mtaro umezibwa na takataka, maji yamejitafutia njia na kuingia kwenye kibanda cha mjomba cha mashine ya kusaga. Tulipofika yalikuwa yameshapungua, lakini alama ya tope ukutani ilionyesha yalipofika: katikati ya mota.

Mjomba akachota maji kwa ndoo, akaifuta mota kwa gunia kavu, kisha akaniangalia.

"Eti mjomba, wewe si ndiye unasoma umeme? Tuwashe?"

Mimi ni mwaka wa tatu. Pepa ya mashine za umeme nilishafaulu, tena vizuri tu. Mchoro wa mota ya fezi tatu naweza kuuchora nikiwa nasinzia. Lakini pale nimesimama, suruali nimekunja magotini, nikajibu, "Naona kwa nje imekauka." Mjomba akasikia ruhusa. Akapandisha swichi.

Mota ikaunguruma bila kuzunguka. Ukatoka moshi wenye harufu ya vanishi iliyoungua, harufu ambayo ukiisikia mara moja huisahau. Kisha fyuzi ikakata. Yote hayo hayakufika nusu dakika.

Mashine ikasimama wiki tatu. Akina mama wa mtaa wetu wakawa wanajitwika muhogo mkavu na mahindi kwenda kusaga mbali, na kurudi jua limezama. Mjomba alitumia hela aliyoitunza kwa ada ya binamu yangu kulipia koili mpya, na nyingine akakopa. Mtaani watu walisema maji yameua mota, nami nikawaacha waseme. Leo naandika kwa sababu si kweli. Mota ile haikufa kwa maji. Iliuawa na swichi, na aliyeiruhusu swichi ni msomi.

Hoja yangu kwenu wanachuo wenzangu ni hii: mota nyingi zilizolowa zinaweza kuokolewa, na ujuzi wa kuziokoa upo. Kibaya ni kwamba nusu ya ujuzi huo umekaa kwenye madaftari yetu kwa Kiingereza, nusu nyingine umekaa kwa mafundi wa kuwaindi ambao hatuendi kuwasalimia. Mwenye mashine yuko katikati, hana hata nusu moja.

Tuanze na kinachotokea ndani. Ndani ya mota kuna koili za waya wa shaba zilizolala kwenye mifereji ya chuma. Kila waya umepakwa vanishi nyembamba, na kati ya koili na chuma kuna karatasi maalumu ya kuzuia umeme. Kazi ya vitu hivyo viwili ni kuulazimisha umeme upite pale tu tunapotaka upite. Maji ya mafuriko si maji matupu. Yana tope, chumvichumvi za ardhini na uchafu wa mtaroni, na huo mchanganyiko unapitisha umeme. Yakikaa kwenye mifereji, yanachora njia ya mkato kutoka waya mmoja hadi mwingine, au kutoka koili hadi bodi ya mota.

Hapo mota imelowa, haijafa. Shaba haijaharibika, vanishi kwa kawaida bado ipo, karatasi imenywa maji tu. Ukiiacha hivyo bila kuiwasha, una mgonjwa anayetibika. Ukiiwasha, mota inayoanza kuzunguka huvuta umeme mara tano hadi saba ya ule inaovuta ikishachanganya. Umeme wote huo unakutana na njia ya mkato, panachemka, panaungua, na palipoungua panabaki mkaa. Mkaa unapitisha umeme hata ukiwa mkavu. Kuanzia hapo hata ukikausha mwezi mzima ni kazi bure, koili zinang'olewa na kufungwa nyingine.

Nusu dakika ile ndiyo tofauti kati ya kukausha na kufunga upya. Mimi tofauti hiyo nilishawahi kuijibu kwenye mtihani nikapata maksi zote.

Tulitakiwa kufanya nini asubuhi ile? Kwanza, hakuna mtu kukanyaga maji kabla ya umeme kuzimwa kwenye swichi kuu, na kama swichi yenyewe imelowa, haiguswi, wanaitwa watu wa TANESCO. Mota inatengenezwa, mjomba hatengenezwi. Sisi tulisimama kwenye sakafu mbichi tukapandisha swichi kwa mkono. Kwamba niko hapa naandika ni kwa rehema za Mungu tu.

Pili, mota inafunguliwa kutoka kwenye mkanda na nyaya zake, inapelekwa kwa fundi, inavuliwa mifuniko. Koili zinaoshwa kwa maji safi yanayomiminika taratibu, maana tope likikaukia ndani litanyonya unyevu kila siku ya mvua. Grisi ya beringi ikishachanganyika na maji haifai tena, na beringi zenyewe mara nyingi ni za kubadilisha.

Tatu, kukausha. Juani peke yake ni kujidanganya, jua linakausha unachokiona. Mafundi wetu wana sanduku la bati na balbu za zamani zile za kutoa joto, wengine wana oveni. Joto likae karibu nyuzi 90 kwa saa nyingi, lisiwahi kupita 100 wakati ndani bado mna maji. Maji yakichemka ghafla ndani ya karatasi, mvuke unaipasua.

Nne, kupima. Hapa ndipo wengi tunaanguka. Watu wanachukua testa ya kawaida, wanaona haijaonyesha kitu, wanasema iko safi. Testa ile inapima kwa betri ndogo, haina ubavu wa kuona njia ya maji itakayofunguka ukiweka volti 400. Kipimo chake kinaitwa Mega, kinachosukuma volti 500 kati ya koili na bodi kwa dakika moja, mota ikiwa imetengwa na stata, kisha kinasoma ukinzani. Kwa mota za kawaida za chini ya volti 1000, kiwango cha chini kinachopendekezwa ni megaomu 5. Mota nzima mara nyingi inasoma mamia. Chini ya 5, irudi kwenye joto.

Na kuna jambo moja ambalo hata sisi tunaosoma hulisahau: ukianza kukausha, kipimo kinashuka kwanza, kwa sababu joto lenyewe linapunguza ukinzani. Asiyejua anakata tamaa hapo, anasema mota imekwisha. Anayejua anasubiri. Baadaye kipimo kinapanda, kinaendelea kupanda, halafu kinatulia. Kikitulia juu, mota imekauka.

Kama unaona hizi ni habari za vitabu, njoo Kigoma tukuonyeshe ushahidi unaoelea. Meli ya Liemba ilitengenezwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande, ikaungwa Kigoma na kushushwa ziwani mwaka 1915 kwa jina la Graf von Goetzen. Julai 1916, Wajerumani walipoona wanazidiwa vitani, waliizamisha wenyewe ili adui asiitumie. Lakini kabla ya kuizamisha, mafundi wake walizipaka injini grisi nene. Waingereza waliipandisha juu mwaka 1924, baada ya miaka 8, wakakuta mashine zinarekebishika. Mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba.

Najua mtu wa makanika ataninyooshea kidole: zile zilikuwa injini za mvuke, chuma kitupu, hazina koili wala karatasi. Kweli kabisa, na grisi haiwezi kuokoa koili ya mota, msije mkaenda kupaka. Ninachokitaka kwenye hadithi hiyo ni akili ya wale mafundi. Waliwaza kuhusu maji kabla maji hayajafika. Sisi kwetu mtu anaanza kuwaza akishaona alama ya tope ukutani.

Na kuwaza mapema hakuhitaji hela nyingi. Mota ya mjomba ilikuwa imefungwa chini kabisa, kwenye sakafu iliyo sawa na njia ya nje. Msingi wa zege wenye kimo cha goti ungemaliza ugomvi, na mkanda mrefu kidogo ungefika vizuri tu. Swichi na stata zingekaa kwenye usawa wa kifua. Waya unaoingia kwenye kisanduku cha mota uingie kwa chini, na kabla haujaingia upinde kidogo kama tumbo, ili tone la maji lianguke lenyewe badala ya kutambaa hadi kwenye nati.

Halafu kuna vitundu. Mota nyingi zilizofungwa kabisa zina vitundu vidogo chini, vya kutolea maji. Mota ikifanya kazi inapata joto, ikizimwa inapoa na kuvuta hewa yenye unyevu, na kwetu kandokando ya ziwa unyevu haukosekani. Ule unyevu unageuka matone ndani. Vitundu vipo ili matone yatoke. Nimeona mota zimezibwa vitundu kwa gundi ili maji yasiingie, na nimeona mota zilizogeuzwa wakati wa kufungwa, vitundu vikatazama juu. Hapo umetengeneza mtungi.

Tujifunze pia kusoma kibati cha mota. Utaona herufi IP na tarakimu mbili. Ya kwanza ni ya vumbi na vitu vigumu, ya pili ni ya maji. IP23 inavumilia manyunyu ya kutoka juu tu. IP55 inavumilia maji yanayorushwa kwa mpira, na kwenye mashine ya kusaga inafaa pia kwa ajili ya vumbi la unga. Lakini IP55 si ruhusa ya kuzama. Tarakimu ya pili ikianza 7 ndipo mota imejaribiwa kwa kuzamishwa, na 7 yenyewe ni kuzama kwa muda mfupi, kina cha mita moja kwa nusu saa. Mafuriko ya Rusimbi hayaangalii saa. Kwa hiyo anayesema "wanunue tu mota isiyoingia maji" anamtuma mjomba dukani kutafuta mota ya pampu ya kisimani kwa ajili ya kusagia mahindi. Zege ni rahisi kuliko hapo.

Kuna watakaosema tatizo ni mitaro, na mitaro ni kazi ya halmashauri. Wana haki, na mimi sisemi halmashauri ipumzike. Mtaro ungekuwa wazi usiku ule, pengine nisingekuwa na cha kuandika. Lakini mtaro ukizibuliwa leo, bado tuna maji mengine. Wenyeji wa Ujiji wanajua mahali Stanley alipokutana na Livingstone mwaka 1871: ukisimama kwenye mnara leo, maji huyaoni miguuni, yako mbali kule chini. Siku zile ziwa lilikuwa juu kwa sababu mto Lukuga, njia pekee ya maji kutoka ziwani kwenda upande wa Kongo, ulikuwa umezibwa na matope na majani. Kwenye miaka ya 1870 kizuizi kikaachia, na miaka iliyofuata ziwa likashuka mita kadhaa. Sisi tumejenga kwenye nafasi ambayo ziwa liliiachia.

Na ziwa lina tabia ya kurudi kuangalia mali yake. Lilipanda sana kwenye miaka ya 1960, likapanda tena kuanzia 2020, likamega mialo na nyumba za kandokando huku kwetu, Burundi na Kongo. Anayefunga mota ya mashine ya barafu au ya karakana karibu na maji Kibirizi au Katonga afunge akikumbuka hilo.

Jambo jingine ni umeme wenyewe. Kwa miaka mingi Kigoma tulikuwa nje ya gridi ya taifa, tunategemea jenereta za dizeli, umeme wa mgao na wa kubahatisha. Mwenye kinu cha kusaga au kukamua mawese alikuwa na sababu ya kung'ang'ania injini ya dizeli. Sasa gridi imefika mkoani na mradi wa Malagarasi wa megawati 49.5 unajengwa. Ni habari njema, nami naifurahia. Ila injini ya dizeli ikilowa nje, fundi wa baiskeli anaweza kukusaidia. Mota ikilowa ndani inataka anayejua. Kadiri umeme unavyoongezeka, mota zitaongezeka, na mvua haijatoa ahadi ya kupungua.

Sasa turudi hapa chuoni, kwenye vimbweta vyetu. Tunabukua mashine za umeme semista nzima. Tunakokotoa mtelezo, mwendo, nguvu ya mzunguko. Mega yenyewe wengi tumeishika mara moja, kikundi cha watu kumi na wawili, mmoja anazungusha, mmoja anaandika, wengine wote wananakili. PT ikifika, tunagombania makampuni yenye kiyoyozi na barua zenye nembo, na huko wengi wetu tunaishia kutoa fotokopi na kununua chai. Logibuku inajaa, mhuri unagongwa, kichwa kinarudi kilivyokwenda.

Baada ya ile likizo nilikwenda kukaa kwa fundi aliyefunga mota ya mjomba. Nilikaa siku tisa, sikulipwa, sikuandikiwa barua. Alinifundisha kuhesabu mizunguko ya koili ya zamani kabla ya kuikata, kupima unene wa waya, kupitisha karatasi kwenye mfereji bila kuichana. Hajui kanuni hata moja niliyokariri, lakini akiinusa mota anajua kama imelowa au imeungua. Nami nilimpa kitu kimoja ambacho hakuwa nacho, maana ya zile namba za Mega, na kwa nini zinashuka kabla ya kupanda. Tulipeana. Sikuwahi kujisikia mwanafunzi wa umeme kama siku zile.

Kwa hiyo naomba mambo matatu, na nayaomba kwa serikali yetu ya wanafunzi, ambayo ina waziri wa kila kitu hadi wa burudani.

La kwanza, tukaongee na kitivo ili karakana za kuwaindi zikubaliwe kuwa vituo halali vya PT, hata kwa wiki mbili tu kati ya zile zote. Najua swali litakalokuja: nani atagonga mhuri? VETA na chuo wanaweza kukaa na kuwatambua mafundi wachache kila mji. Jambo la mhuri linatatulika, tusilifanye mlima.

La pili, tuandike karatasi moja kwa Kiswahili, herufi kubwa, yenye mistari mitano, ibandikwe kwenye kila kibanda cha mashine mitaani kwetu: zima swichi kuu, usiwashe kujaribu, ipeleke kwa fundi, ikaushwe kwa joto, ipimwe kwa Mega kabla ya kufungwa. Kama hatuwezi kuandika mistari mitano kwa lugha ya mama zetu, tujiulize tunasomea nini.

La tatu, klabu yetu ya uhandisi inunue Mega moja. Michango ya fulana za wiki ya kwanza peke yake ingetuweka karibu. Mvua za Kigoma huanza Oktoba na Novemba, mikoa mingine ina misimu yake. Kila mmoja akienda likizo kabla ya mvua, azungukie mashine tatu za mtaani kwao, aangalie vitundu, msingi, mahali swichi ilipo. Si kazi ya kulipwa. Ni kazi ya kusalimia watu ukiwa na kitu mkononi.

Wengine mtasema mafundi watakosa riziki mota zikiacha kuungua. Nilimuuliza fundi wangu hilo hilo. Akacheka, akanionyesha kona iliyojaa mota ambazo wenyewe hawajarudi kuzichukua kwa sababu bei ya koili mpya imewashinda. Kukausha mota kunalipa kidogo, lakini mwenyewe anarudi kulipa.

Mota ya mjomba inafanya kazi sasa. Imepandishwa kwenye zege, swichi iko kifuani. Niliporudi mara ya mwisho mvua ilikuwa imenyesha tena, sakafu imelowa, na mjomba yuko mlangoni na ndoo yake, mkono hajaupeleka kwenye swichi. "Shikamoo mjomba," nikamwambia. Akaitikia, kisha akanisogezea njia.

"Pima kwanza," akasema.